Je, Wajua? Kodi Tatu Zinatosha Ibada Nzima

Je, wajua kwamba gitaa lilishapigwa kanisani kabla Krapf hajatia mguu Mombasa? Mmisionari huyo Mjerumani alifika kisiwani mwaka 1844. Lakini mkesha wa Krismasi wa 1818, katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi mjini Oberndorf, Austria, Padri Joseph Mohr alishika gitaa lake akaimba pamoja na mwalimu Franz Gruber wimbo ambao Gruber alikuwa ameutungia sauti siku hiyohiyo. Ndio huo “Stille Nacht”, tunaouita “Usiku Mtakatifu” kila Desemba. Ile hadithi ya panya waliotafuna kinanda cha kanisa ni chumvi iliyotiwa baadaye. Gitaa lenyewe ni la kweli, na mpaka leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Hallein. Kijana wa Makupa hapa Mombasa anayeambiwa na mzee wa kanisa kwamba gitaa ni chombo cha baa, na amwamkie kwanza, kisha amsimulie habari za Padri Mohr.

Mzee naye hakosi pa kushika. Mwaka 1903 Papa Pius X alipiga marufuku piano na ngoma makanisani, na ilibidi kungoja hadi 1963 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango kwa vyombo vingine. Hata Zaburi ya 150 katika Biblia yetu ya Kiswahili inataja baragumu, kinanda, kinubi, matari, zeze na filimbi; gitaa halimo. Spika na maikrofoni pia hazimo, ila hizo sijasikia mzee akizikataa.

Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa gitaa huanzishiwa kodi tatu, yaani mafungu matatu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja? Wengi hudhani ni kwa sababu ni nyepesi kwa vidole. Sababu hasa imo ndani ya sauti zenyewe. Chukua ki (key) ya C. Kodi ya C imejengwa kwa sauti za C, E na G. Kodi ya F kwa F, A na C. Kodi ya G kwa G, B na D. Ziweke pamoja uone: sauti zote saba za ngazi hiyo zimo, hakuna iliyobaki nje. Maana yake ni kwamba wimbo wowote usiotoka nje ya ngazi yake, popote sauti inapokwenda, itaikuta kodi mojawapo inayoipokea. Ndiyo maana nyimbo nyingi za kuabudu husimama juu ya kodi tatu tu, na ya nne, ile ya huzuni inayokaa kwenye hatua ya sita ya ngazi, huongezwa pale kiongozi anapotaka watu wafumbe macho.

Siri hiyo si ya kanisa peke yake. “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms, bendi iliyokulia Mombasa, ilitoka mwaka 1982, nayo inakwenda kwa kodi hizohizo tatu. “Malaika” iliyorekodiwa na Fadhili William vilevile. Mpiga gitaa anayewachangamsha watalii hotelini Jumamosi usiku, akipanda matatu Jumapili asubuhi kuja kupiga kwenye ibada Makupa, mkono wake wa kushoto haujifunzi jambo jipya. Kazi iko mkono wa kulia: kupunguza mwendo, kuacha nyuzi zilie mpaka zinyamaze zenyewe, na kutoijaza kila nafasi. Kwa maoni yangu hapo ndipo wanagenzi wengi hukwama, wala si kwenye kodi.

Je, wajua kwamba vile vidole ambavyo kiongozi wa sifa huinua mgongoni mwake, kimoja, vinne, vitano, ni lugha yenye historia? Huko Nashville, Marekani, miaka ya 1950, Neal Matthews wa kundi la Jordanaires, waliomwitikia Elvis Presley, alianza kuandika kodi kwa namba badala ya herufi. Faida yake ni kwamba wimbo ukihamishwa ki, namba hazibadiliki. Moja, nne, tano katika ki ya G ni G, C na D. Katika ki ya A ni A, D na E.

Lakini kwaya zetu zilikuwa na hekima hiyo zamani. Do, re, mi waliyoleta wamisionari ilitokana na kazi ya Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ikaenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19. Nayo ilifanya kazi ileile, kwa kuwa do huhama na wimbo. Kwa hiyo mama wa kwaya anayesema “do, fa, so” na kijana wa gitaa anayesema “moja, nne, tano” wanasema jambo moja, hata kama kila mmoja anamwona mwenzake hajui muziki.

Je, wajua dawa ya mwimbishaji anayeanzisha wimbo bila kuuliza? Kila mpiga gitaa wa kanisa anamjua. Dada amejaa Roho, amefungua kinywa, na wimbo umeangukia ki ya B flati. Kodi zake kwenye gitaa zinadai kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita, na mwanagenzi hapo mkono hufa ganzi. Basi funga kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, kwenye freti ya tatu, kisha shika kodi zako za G kama kawaida. Kila freti, kile kijiti cha chuma kilicholala shingoni, hupandisha sauti kwa nusu toni, na nusu toni tatu juu ya G ndiyo hiyo B flati. Wapo wanaoiona kapo kuwa gongo la kilema. Mimi naiona ni adabu kwa mwimbaji.

Je, wajua kwamba udi na gitaa ni ndugu wasioelewana? Udi hauna freti. Ndiyo maana marehemu Zein l'Abdin, bingwa wa udi wa Mombasa, aliweza kuzifikia zile sauti za katikati ambazo maqamu, ngazi za sauti za Kiarabu, huzitaka na ambazo freti za gitaa huzirukia. Mtoto wa Makupa hulelewa akisikia vyombo vyote viwili, na wakati mwingine hilo husikika anapoimba pambio: sauti yake hupita mahali ambapo gitaa halina pa kukanyaga.

Gitaa la umeme nalo lina mpwani katika historia yake. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, alitumbuiza askari wa King's African Rifles huko Ceylon na Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga. Na kwa upande wa gitaa kavu, Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga “Masanga” kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linabeba besi, shahada inabeba sauti ya juu. Anayetaka kuabudu peke yake bila bendi, huyo ndiye mwalimu.

Je, wajua kwamba mwanamke alitikisa kanisa kwa gitaa la umeme miaka mingi kabla ya Elvis? Sister Rosetta Tharpe, mtoto wa kanisa la Kipentekoste huko Arkansas, aliirekodi “Strange Things Happening Every Day” mwaka 1944. Wababa wa roki wamekiri kujifunza kwake. Liweke hilo akilini unapoona kwenye jukwaa la kanisa mabinti wote wamepewa maikrofoni na wavulana wote vyombo.

Mwisho, habari ya hali ya hewa, ambayo vitabu vya kujifunzia huipita. Watengenezaji wa magitaa hupendekeza unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55. Mombasa huzidi hapo sana, na Makupa ipo kandoni mwa mkono wa bahari. Mbao hunyonya unyevu, kifua cha gitaa huvimba, nyuzi hupanda juu ya freti, na kodi uliyoibonyeza vizuri Januari inakuuma vidole Mei baada ya mvua. Tena nyuzi sita za chuma huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana. Chumvi ya hewani hufanya kutu kwenye nyuzi mapema, na jasho la mkono huizidisha. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, juu na chini yake, na gitaa lilale ndani ya mkoba wake, si ukutani mkabala na dirisha.