Kivu: Kifurushi cha PEP kikikosa dawa moja, kompyuta inaweza kuendelea kukihesabu

Kwa mtu aliyebakwa, saa 72 za kwanza ndizo zenye uzito. Ndani ya muda huo anatakiwa kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, ambazo atazimeza kwa siku 28. Ndiyo maana katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, dawa hizo hutumwa kwenye vituo vya afya zikiwa tayari ndani ya kifurushi kimoja, ambacho waganga wanakiita kit PEP.

Lakini kabla kifurushi hakijafika mkononi mwa muuguzi, kinapita kwenye depo. Na huko kuna swali ambalo halizungumzwi sana: depo inajuaje kwamba ina vifurushi vingapi vilivyo kamili?

Kifurushi cha mtu mzima kina dawa za virusi vya ukimwi, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambacho hutolewa hadi saa 120 baada ya tukio, antibiotiki za magonjwa ya zinaa kama vile azithromycin na cefixime, pamoja na kipimo cha mimba. Cha mtoto ni tofauti, kwa sababu dozi yake inafuata kilo zake. Chanjo za hepatiti B na pepopunda hazikai ndani ya boksi: zinahitaji friji, kati ya digrii 2 na 8.

Shida inaanza pale muhifadhi wa depo anapoandika kifurushi kwenye programu ya stoki kama kitu kimoja, sawa na mche wa sabuni. Kompyuta itaonyesha vifurushi 60. Haitaonyesha kwamba katika 20 kati yao antibiotiki imepita muda, wala kwamba vingine vitano vilifunguliwa ili kutoa kipimo cha mimba tu. Kwenye skrini stoki ni nzima, kwenye rafu si nzima.

Programu nyingi za stoki zina dawa ya tatizo hilo. Muhifadhi anaandika kwanza orodha ya vilivyomo na idadi ya kila kimoja, kama mpishi anavyopanga viungo vyake. Kisha anachagua njia moja kati ya mbili.

Njia ya kwanza ni kutohesabu kifurushi chenyewe, ila vilivyomo tu. Odoo, programu iliyoanzia Ubelgiji, inafanya hivyo bidhaa ikiandikwa kuwa ya aina ya kit. Tuchukue mfano: depo ina dozi 40 za dawa za virusi vya ukimwi, dozi 100 za antibiotiki, vidonge 25 vya dharura na vipimo 200 vya mimba. Inaweza kutoa vifurushi vingapi? Ni 25 tu. Kile kilicho kichache ndicho kinachoamua, na kompyuta inasema mapema kitu gani kiagizwe.

Njia ya pili inafaa pale vifurushi vinapofungwa mapema na kupelekwa mbali. Kikifungwa kimoja, dawa zake zinatolewa kwenye stoki na kifurushi kinaingia kikiwa na namba yake ya loti. Hapo kuna sheria mbili za kushika. Tarehe ya mwisho ya kifurushi ni ile ya dawa inayoisha muda mapema kuliko zote, na vifurushi vyenye tarehe ya karibu vinatoka kwanza. Pia, kifurushi kikifunguliwa, lazima kifutwe kwenye hesabu na dawa zilizobaki zirudishwe kwenye stoki moja moja.

Mambo haya yana uzito zaidi tangu mwisho wa Januari 2025. M23 ilipouteka mji wa Goma, uwanja wa ndege ulifungwa na maghala ya mashirika ya misaada yaliporwa. Njia za kuleta dawa zikiwa chache, kosa la hesabu halirekebishwi kwa siku moja.

Vituo vingi vya vijijini havina kompyuta wala umeme wa uhakika. Hata hivyo, karatasi ya stoki inaweza kufuata sheria zilezile: mstari mmoja kwa kila dawa, tarehe ya mwisho pembeni, na alama kwenye kila boksi lililofunguliwa. Mara moja kwa mwezi, mtu afungue maboksi machache na kulinganisha vilivyomo na vilivyoandikwa.

Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Lakini mwanamke aliyetembea siku mbili kutoka kijijini amekwisha tumia saa 48 kati ya zile 72. Akikuta boksi lisilokamilika, safari ya kwenda kituo kingine inaweza kumaliza saa zilizobaki.