Kocha Aliyerudi Safu ya Pili

Kila baada ya Sala ya Alasiri, vijana wa mtaa wetu hapa Mji Mkongwe hupita mbele ya baraza wakielekea uwanjani na mpira wa kikapu. Ukiwauliza wanatamani kuwa nani, aghlabu watakutajia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyejiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, mwaka 2006, na ambaye tarehe 25 Juni 2009 alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wote walioteuliwa na timu za NBA mwaka huo. Hakuna anayemtaja mzee aliyekuwa akiketi benchi pembeni ya kocha mkuu wa chuo kile. Leo nataka kumzungumzia yeye, kwani habari yake inatuhusu sisi wakubwa kuliko vijana.

Jina lake ni George Blaney. Kabla ya kufika Connecticut alikwishakuwa kocha mkuu wa chuo cha Holy Cross kwa miaka 22, kuanzia 1972 hadi 1994, kisha wa Seton Hall kwa miaka mitatu. Mwaka 2001, umri wake ukiwa umepindukia miaka 60, alikubali kuwa msaidizi wa Jim Calhoun, mtu mdogo kwake kwa umri.

Kazi ya kocha msaidizi wa chuo haina shangwe. Yeye hutazama michezo ya wapinzani usiku kucha na kuandika udhaifu wao. Husafiri kutafuta vijana wenye vipaji na kuzungumza na wazazi wao. Hufuatilia iwapo mwanafunzi anahudhuria darasani. Timu ikishinda, husifiwa kocha mkuu.

Tarehe 19 Machi 2009, mjini Philadelphia, Calhoun aliugua ghafla na kupelekwa hospitali siku ya mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa ya vyuo. Blaney akasimama mahali pake, Thabeet akiwa miongoni mwa vijana wake, nao wakaishinda Chattanooga kwa pointi 103 kwa 47. Calhoun aliporejea katika mchezo uliofuata, Blaney alirudi kwenye kiti chake cha usaidizi, na timu ikafika nusu fainali. Alikuwa bado msaidizi chuo kile kilipotwaa ubingwa mwaka 2011.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni katika historia yetu. Khalid bin Walid, Allah amridhie, alivuliwa uamiri jeshi na Khalifa Umar, akaendelea kupigana chini ya Abu Ubayda. Hata hivyo, katika kamati na madrasa zetu mara nyingi anayeondoka kwenye uongozi huondoka na funguo, daftari na ujuzi wake wote, kana kwamba kuketi safu ya pili ni aibu.

Mwezi ujao kamati ya msikiti wetu itachagua viongozi. Mwenyekiti wetu wa miaka mingi hatogombea tena, na anayetarajiwa kushika nafasi yake ni kijana aliyewahi kusoma kwake. Nilimwendea nyumbani kumwomba abaki kuwa naibu. Ameniridhia niyaandike haya bila ya kumtaja jina.

Nilipomsimulia habari za Blaney, alinyamaza kitambo, akaizungusha kahawa kikombeni.

"Na huyo kocha hakuona haya, kuongoza miaka yote ile kisha kumbebea mwenzake daftari?"

"Maalim," nikamjibu, "siku mwenzake alipougua, vijana hawakubaki yatima."

Hakunipa jawabu. Lakini nilipoaga alinishika mkono pale mlangoni, akaniuliza kijana yule huwa nyumbani saa ngapi, kwani kuna hesabu za wakfu anazotaka kumwonyesha kabla ya uchaguzi.