Stoo Nyembamba Yataka Mlango wa Namna Gani?

Viwanja vya mijini vimekuwa haba, na hata mashambani mji wa mtu mara nyingi umebanwa na ua wa jirani. Kati ya ukuta wa nyumba na ua huo huenda ukabaki ujia wa futi tano tu. Hapo ndipo mwenye nyumba huamua kuegemeza stoo yake: futi mbili kwenda ndani, futi sita kwenda upande, paa la mabati likiinama kuelekea mbele. Humo ataweka majembe, panga, bomba la kunyunyizia dawa, gunia la mbolea ya dukani na makopo ya rangi yaliyosalia. Mabati huyachagua kwa uangalifu, na bei ya mbao huipigania mpaka fundi akachoka. Lakini habari za mlango huachwa mpaka siku ya mwisho. Ndipo huonekana kwamba mlango ukifunguliwa wagonga ua, na gunia la mbolea halipiti.

Mlango ndio uliopasa kufikiriwa kwanza. Stoo ya kina cha futi mbili si chumba. Ni kabati lililosimamishwa nje. Hakuna atakayeingia ndani yake. Mtu husimama ujiani, akanyosha mkono na kutwaa anachokitaka. Kwa hiyo mlango mmoja mdogo uliowekwa pembeni, kama ilivyo desturi ya vyumba, haufai kabisa. Vitu vilivyo upande wa pili hubaki gizani, na ili kupata jembe moja yakupasa kutoa kwanza kila kilicho mbele yake. Mtoto aliyetumwa kuleta nyundo hupapasa gizani kati ya makali ya panga na chupa ya dawa ya kupe. Yafaa uso mzima wa stoo uwe mlango, ili ukifunguliwa kila kitu kionekane kwa mara moja.

Lakini mlango wa futi sita, kama ni wa kipande kimoja, wataka nafasi ya futi sita mbele yake ili uzunguke. Katika ujia wetu wa futi tano, stoo imekwisha kula mbili, zimebaki tatu. Ukiugawa mlango vipande viwili vya futi tatu kila kimoja, vitakwaruza ua, na huyo anayefungua hatakuwa na mahali pa kuweka miguu yake. Ugawe basi vipande vinne, kila kimoja inchi kumi na nane. Viwili vya kushoto viungwe kwa bawaba, na viwili vya kulia vivyo hivyo, bawaba zote zikiwa upande wa nje. Kipande cha katikati hukunjwa juu ya mwenzake, kisha vyote viwili huzungushwa pamoja. Hapo mlango hautaki zaidi ya futi moja na nusu za ujia, na mtu hupata nafasi ya kusimama.

Asiyeamini hesabu hizi na achukue kigingi na uzi. Akichomeke kigingi mahali bawaba itakapokuwa, auzungushe uzi wenye urefu sawa na upana wa kipande cha mlango, na aandike mstari juu ya ardhi. Kila kilicho ndani ya mstari huo kitagongwa: shina la mpapai, pipa la maji, bomba la mvua. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na fundi asiyetaka kuifanya si fundi wa kuajiriwa.

Wako wapendao mlango wa kusukuma kando juu ya reli, nao kweli hauli nafasi ya ujia hata kidogo. Taabu yake ni kwamba wataka ukuta mtupu kando yake wenye upana sawa na mlango wenyewe. Na kama ni vipande viwili vinavyopishana, nusu ya stoo itakuwa imefungwa sikuzote. Mwenye ukuta wa kutosha na autumie, ila uning'inizwe kwenye reli ya juu. Reli ya chini hujaa matope katika mvua za masika, na tope la udongo mwekundu likikauka ndani ya reli ni kama saruji. Mlango wa kuinua juu, kama dirisha la kibanda cha duka, hufaa stoo fupi isiyozidi kimo cha kifua. Pazia la turubai halistahili kutajwa palipo na dawa na watoto.

Sasa tuje kwenye useremala wenyewe, maana hapo ndipo fedha hupotea. Kila kipande hufungwa kwa mbao mbili za kulala na moja ya mshazari. Mshazari huo uanzie chini, upande wa bawaba, na kupanda kuelekea juu, upande wa kufungulia. Ukiwekwa hivyo huusukuma uzito wa mlango kurudi kwenye mwimo. Mafundi wengi huuweka kinyume, na baada ya muda mlango hulala na kuburura chini. Mbao za saipresi ni rahisi kupatikana, lakini zisipokauka vizuri hupinda. Nazo hufura wakati wa mvua, basi iachwe nafasi ndogo kila upande, upana wa ukucha. Kwa miimo, mwerezi wa milimani ni bora, kwa kuwa mchwa hawaupendi.

Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama sehemu za mashariki ya Nairobi na Mwea, liko jambo jingine. Udongo huo hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, na miimo iliyochimbiwa humo huyumba pamoja nao. Mlango uliofungika vyema mwezi wa Februari hukataa kufungika mwezi wa Mei, na lawama humwangukia seremala. Ni heri kuisimamisha stoo nzima juu ya jukwaa moja la zege, ili kama ikiinuka iinuke yote pamoja. Jukwaa hilo pia huuinua mlango juu ya matope. Ukingo wake wa chini uvikwe ukanda wa bati, maana panya hutafuna ubao usiku kucha.

Tena utazame paa. Likiinama mbele, maji yote humwagika mbele ya mlango, kwa hiyo lapasa kutokeza inchi sita au zaidi. Lakini ncha yake ikiwa chini kuliko kichwa cha mlango, mlango utaigonga kabla haujafunguka. Mvua ikipenya, mbolea hunywa unyevu na kuganda kuwa jiwe.

Pale vipande vya katikati vinapokutana pana ufa, na ufa huo hupitisha mvua, na pia chuma cha mwizi. Mafundi wa Lamu na Mombasa walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Milango yao ya nakshi ina ubao wa katikati uitwao mfaa, ambao huufunika ufa huo. Huko milango hufunguka ndani, na mfaa hupigiliwa kwenye kipande kisichofunguliwa kwanza. Stoo yetu hufunguka nje, basi kwetu ni kinyume: mfaa ukae juu ya kipande kifunguliwacho kwanza, na mwenzake azuiwe kwa komeo mbili za ndani, moja juu na moja chini. Bawaba na kipete cha kufuli vifungwe kwa boliti zinazopenya ubao, nati zikiwa ndani. Kufuli la bei kubwa lililoshikwa na skrubu fupi mbili hufunguliwa kwa bisibisi, wala mwizi hahitaji kuligusa.

Mwisho, zitiwe ndoano mbili ukutani za kushikilia vipande vikiwa wazi. Katika ujia mwembamba upepo huja kwa nguvu, na mlango ulioachwa huru humpiga usoni mtu apitaye na ndoo ya maji.