Mguu Uliovunjika Tallahassee: Haki ya Ubingwa na Afya ya Mchezaji

Tarehe 18 Novemba 2023, katika mji wa Tallahassee, jimbo la Florida, kijana aitwaye Jordan Travis aliangushwa uwanjani na hakuweza kuinuka kwa nguvu zake mwenyewe. Alikuwa mpangaji wa mashambulizi wa timu ya Chuo Kikuu cha Florida State. Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ulio tofauti kabisa na soka, mchezaji wa nafasi hiyo ndiye apokeaye mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua iwapo utarushwa, utakabidhiwa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika. Aliondolewa uwanjani kwa kigari, na msimu wake ukaishia hapo.

Timu yake haikuishia hapo. Wiki moja baadaye iliwashinda mahasimu wao wa Chuo Kikuu cha Florida ikiongozwa na mchezaji wa akiba. Huyo naye alipigwa kichwani, akapata mtikisiko wa ubongo, na akazuiwa kucheza mechi iliyofuata. Tarehe 2 Desemba, katika fainali ya ligi yao, Florida State iliongozwa na kijana wa mwaka wa kwanza, wa tatu katika orodha ya nafasi hiyo, na bado ikashinda kwa pointi 16 dhidi ya 6. Ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote 13.

Kesho yake kamati ya uteuzi ilitangaza timu nne zitakazowania ubingwa wa taifa: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas na Alabama zilikuwa zimepoteza mechi moja kila moja. Florida State, ambayo haikuwa imepoteza hata moja, iliachwa nje. Sababu iliyotolewa hadharani ni kwamba bila Travis timu hiyo haikuwa tena timu ile ile.

Travis aliandika kwamba alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate muda wa kuona kuwa timu yao ilikuwa zaidi ya mchezaji mmoja. Kwa mtu wa tiba, maneno hayo yanatisha kuliko picha yoyote ya eksirei. Kijana mwenye mfupa uliovunjika anajutia tarehe ya kuvunjika kwake kuliko anavyoujutia mguu wenyewe.

Bingwa aliyechaguliwa kwa kura

Ili kuelewa kilichotokea siku ile, yafaa kurudi nyuma. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya Rutgers na Princeton. Tangu hapo mchezo huo ukakua hadi kujaza viwanja vya watu zaidi ya 100,000, lakini kwa zaidi ya karne moja haukuwa na njia ya kumpata bingwa uwanjani. Kuanzia mwaka 1936 waandishi wa habari wa shirika la AP walipiga kura kupanga timu kwa ubora. Mwaka 1950 wakaongezeka makocha na kura yao. Pale makundi hayo mawili yalipotofautiana, taifa lilikuwa na mabingwa wawili kwa mwaka mmoja.

Msimu ulimalizika kwa mechi za heshima zilizochezwa katika miji yenye hali ya hewa nzuri, ya kwanza ikiwa ile ya Pasadena, California, mwaka 1902, mzazi wa Rose Bowl ya leo. Mechi hizo zilipendwa na kuingiza fedha, lakini hazikupangwa ili kumtafuta bingwa. Jambo hili lilishangaza kwa kuwa michezo mingine ya vyuo ilikuwa na mtoano. Mpira wa kikapu uliupata mwaka 1939. Hata vyuo vya madaraja ya chini ya futiboli yenyewe vilianza mtoano wao mwaka 1973. Ni daraja la juu tu, lenye umaarufu na fedha nyingi, lililobaki bila mtoano.

Mwaka 1998 uliletwa utaratibu wa kuchanganya kura na hesabu za kompyuta ili kuchagua timu mbili za kucheza fainali. Malalamiko hayakukoma. Msimu wa 2003 ulimalizika kwa ubingwa uliogawanyika kati ya LSU na USC. Mwaka 2004 Auburn ilishinda mechi zake zote bila kupewa nafasi ya kuwania taji. Mwaka 2008 yakaikuta Utah yale yale. Ikajibu kwa kuifunga Alabama 31 kwa 17 katika Sugar Bowl, na bado haikuwa bingwa.

Hapo shinikizo likavuka mipaka ya michezo. Barack Obama, akiwa ndiyo kwanza amechaguliwa kuwa rais, alisema kwenye televisheni kwamba anapendelea mtoano wa timu nane. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Utah aliupeleleza utaratibu huo kwa mtazamo wa sheria za ushindani wa biashara. Mwaka 2009 mabunge yote mawili ya Marekani yaliendesha vikao kuhusu suala hilo. Waliopinga mtoano walitaja mitihani ya Desemba, thamani ya mechi za kawaida na uchovu wa miili ya wanafunzi. Hoja ya mwili ilikuwa nzito, lakini ilitolewa na mfumo uliokuwa umeongeza mechi za kawaida kutoka 11 hadi 12 mwaka 2006 bila kulalamikia uchovu huo.

Mwezi Juni 2012 viongozi wa vyuo walikubali mtoano wa timu nne. Fainali ya kwanza ilichezwa Januari 2015, Ohio State ikaishinda Oregon 42 kwa 20. Wengi waliamini kwamba haki ilikuwa imepatikana.

Jeraha lililogeuzwa ushahidi

Tatizo ni kwamba mlango wa mtoano ule ulikuwa bado mkononi mwa kamati. Mwongozo wake uliruhusu kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu. Kwa mtazamo wa mashabiki wanaotaka fainali yenye ushindani, hilo laweza kueleweka. Kwa mtazamo wa afya ni jambo la hatari, kwa sababu linaligeuza jeraha la mtu mmoja kuwa ushahidi dhidi ya wenzake wote.

Linganisha majeraha mawili ya Florida State. Mguu uliovunjika hauwezi kufichwa. Mtikisiko wa ubongo unaweza kufichika kwa urahisi. Hauonekani kwenye eksirei, na mara nyingi hata picha za CT huwa za kawaida. Daktari hutegemea mno yale mgonjwa anayoeleza: kichwa kinauma, mwanga unaudhi, maneno yanapotea, dunia inazunguka. Mchezaji akinyamaza, kipimo kikuu cha daktari kimenyamaza pia. Tafiti nyingi zilizowahoji wanamichezo wa vyuo zimeonyesha kuwa si haba wanaonyamaza, na sababu wanazozitaja zinafanana: hawakutaka kutolewa, na hawakutaka kuwaangusha wenzao.

Mchezaji wa akiba wa Florida State alitolewa, na huo ulikuwa uamuzi sahihi wa kitabibu. Lakini fikiria somo ambalo vijana wa timu nyingine wangeweza kulipata siku ya pili yake: timu ilimpumzisha aliyeumia, ikashinda, kisha ikaadhibiwa kwa kuonekana dhaifu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, mfumo unaowaadhibu wasioficha hauwezi kushangaa ukiona wafichaji wanaongezeka.

Mtoano mpana, mechi nyingi

Msimu wa 2023 ulikuwa wa mwisho kwa mtoano wa timu nne. Upanuzi ulikwisha kuidhinishwa mwaka uliotangulia. Kuanzia 2024 timu 12 ziliingia, na nafasi tano zilitengwa kwa mabingwa wa ligi waliopangwa juu zaidi. Kwa hesabu hiyo, timu kama Florida State ya 2023 isingeachwa nje kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja. Hapa harakati za mtoano zimeifanyia afya jambo jema, hata kama haikuwa shabaha yake: kadiri nafasi inavyopatikana kwa matokeo ya uwanjani, ndivyo jeraha linavyopungua uzito mezani.

Bei yake imelipwa kwa miili. Michigan, bingwa wa 2023, ilicheza mechi 15. Mwaka uliofuata Ohio State na Notre Dame, zilizokutana fainali mnamo Januari 2025, zilicheza mechi 16 kila moja. Msimu wa kawaida wa wachezaji wa kulipwa wa NFL una mechi 17. Kabla ya mwaka 1970, kikomo cha kawaida kwa vyuo kilikuwa mechi 10.

Kwa nini hesabu hiyo ina maana? Mwaka 2005 Bennet Omalu, mwanapatholojia aliyezaliwa Nigeria, na wenzake walichapisha taarifa ya ugonjwa wa ubongo unaotokana na vipigo vya kurudiarudia, CTE, katika ubongo wa mchezaji wa zamani wa NFL. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichunguza bongo 202 za waliowahi kucheza futiboli. Kati ya wachezaji 53 waliofikia kiwango cha chuo, 48 walikuwa na dalili za ugonjwa huo. Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu: bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa zimeona dalili kabla ya kifo, hivyo haziwezi kueleza ni wachezaji wangapi kwa jumla wanaougua. Utafiti mwingine wa mwaka 2023, uliohusu wachezaji 631, ulionyesha kwamba kilichoashiria ugonjwa ni jumla ya nguvu za vipigo katika maisha ya mchezaji kuliko idadi ya mitikisiko iliyogunduliwa. Kwa lugha nyepesi, hata kipigo kisichoacha dalili siku ile huongezwa kwenye hesabu.

Hata hivyo, kuilaumu fainali peke yake kungekuwa kosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukiwafuatilia wachezaji wa timu sita za vyuo kwa misimu mitano, uligundua kuwa asilimia 72 ya mitikisiko ya ubongo ilitokea mazoezini na si kwenye mechi, na karibu nusu ilitokea katika wiki za maandalizi kabla ya msimu. Mwaka huo huo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipunguza mazoezi ya kugongana katika kipindi hicho. Hapa ndipo penye nafasi ya suluhu: anayeongeza mechi mwezi Desemba na Januari anaweza, na anapaswa, kupunguza migongano mwezi Agosti.

Nani mwenye neno la mwisho

Mchezo huu umewahi kurekebishwa kwa ajili ya uhai wa wachezaji. Mwaka 1905, msimu ambao magazeti yaliripoti vifo takriban 18, Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, kurusha mpira mbele kukaruhusiwa, na kikaundwa chama kilichokuja kuwa NCAA. Msukumo wa mabadiliko yale ulitoka kwenye miili iliyoumia. Mtoano wa leo ulisukumwa na haki ya taji na, haikatazwi kusema, na fedha: mkataba wa televisheni wa mwaka 2024 uliripotiwa kuwa wa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita.

Jambo moja la kutia moyo lilipitishwa Januari 2016, pale ligi tano kubwa za wakati huo zilipokubali kwamba uamuzi wa daktari na mtaalamu wa tiba ya michezo kuhusu mchezaji kurudi uwanjani usipingwe na kocha. Kanuni hiyo ina thamani pale tu inapoheshimiwa siku ya fainali, kelele za uwanja zikiwa juu na daktari akiwa peke yake.

Futiboli ya Kimarekani haichezwi kwa wingi Afrika Mashariki, lakini mtikisiko wa ubongo haubagui mchezo. Huwapata wachezaji wa soka wanaogongana vichwa, wa raga, wa ndondi, na abiria wa bodaboda. Mhudumu wa afya, mwalimu wa michezo na mzazi wana kanuni chache za kushika. Anayeshukiwa kupata mtikisiko aondolewe uwanjani mara moja, wala asirudi siku hiyo hata akisema yu salama. Apelekwe hospitali bila kuchelewa akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akipoteza fahamu, akizidiwa na maumivu ya kichwa au shingo, akilegea mkono au mguu, au akizidi kuchanganyikiwa. Makubaliano ya wataalamu ya Amsterdam ya mwaka 2022 yanashauri kupunguza shughuli kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha kurudi hatua kwa hatua: matembezi na kazi nyepesi kwanza, mazoezi baadaye, na mgongano mwishoni kabisa kwa idhini ya daktari.

Mwaka 2025 Jordan Travis alitangaza kuacha mchezo. Mguu ule haukupona kiasi cha kumruhusu kucheza tena. Mjadala wa mtoano unaendelea, na wapo wanaotaka timu 16 au zaidi. Huenda wana haki. Lakini kabla ya kuongeza timu nyingine, meza ile ile inayohesabu nafasi na mabilioni ihesabu pia vipigo, na impe kila kijana hakika kwamba akisema "nimeumia", si yeye wala wenzake watakaolipa kwa kusema kweli.