Mpira Mkubwa katika Ramla ya Wahiba

Ukiondoka Maskati alfajiri na kuishika njia ya Sharqiya hadi Bidiyah, utafika mahali ambapo lami hukoma na mchanga huanza pasipo kizuizi baina yao, na hapo, siku za Ijumaa, aghalabu utayakuta magari yamesimama safu moja, madereva wamechutama kando ya magurudumu, na upepo unatoka katika mipira kwa mlio mrefu, kama swila aliyeghadhibika. Ndivyo ianzavyo kila safari ya chama chetu, ambacho wengi wa wazee wake ni watu wa Unguja kwa asili, na Kiswahili hakijawatoka vinywani.

Mtu asiyelijua jangwa hustaajabu: huyu ametoa fedha nyingi kununua mipira ya inchi 33 mahali pa ile ya inchi 31 iliyokuja na gari, akaitia na kuisifu, kisha kabla hajaingia mchangani anaifungua na kuilegeza mpaka inavimba ubavuni! Jawabu limo katika hesabu nyepesi. Gari la Land Cruiser au Patrol, likiwa na watu, maji na vyombo vya safari, tuseme lina uzito wa kilo 2,600, basi kila mpira hubeba kilo 650 hivi. Mpira huo ukiwa na upepo wa pauni 35 kwa kila inchi mraba, ambao ni wa lami, sehemu yake igusayo ardhi ni kama sentimita mraba 260, yaani haifiki nusu ya karatasi ya kuandikia ya A4. Ushushe hadi pauni 15, na unyayo wake utatanuka hata ukaribie karatasi nzima. Haya ni makadirio, kwani ubavu nao huchukua sehemu ya mzigo, lakini hayako mbali na kweli. Na kutanuka huko, kinyume cha wadhanivyo wengi, huwa kwa urefu zaidi kuliko kwa upana.

Hapo ndipo ukubwa unapofaa. Mpira mrefu una ubavu wa kukunjika, hivyo unyayo wake hulala chini kama ulimi, na kwa kuwa duara lake ni pana huupanda ule mchanga uliojikusanya mbele yake, ilhali mpira mdogo uliojazwa ukawa mgumu huusukuma kama jembe na kujichimbia kaburi. Ngamia alipewa hikima hii tangu kuumbwa: vidole vyake viwili vimeungana kwa nyama laini ambayo hutanuka kila aukanyagapo mchanga. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyelizunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, alipunguza upepo vivyo hivyo ili avuke machuguu ambayo wengi waliamini kwamba gari haliwezi kuyavuka; na ule mtumbwi wa magurudumu wa Wamarekani, DUKW, wa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ulimwezesha dereva kuongeza na kupunguza upepo akiwa amekaa kitini.

Wala mpira mkubwa hauji peke yake. Ziada ya inchi 2 katika kimo chake huliinua difu kwa inchi 1 tu, nayo ni inchi yenye thamani, maana katika gari la ekseli nzima springi ndefu huinua bodi na kuliacha difu pale pale lilipokuwa. Lakini kwa inchi hiyo hiyo mita ya mwendo huanza kusema uongo: ikionyesha 100, gari linakwenda 106. Mashine huona gia zote zimekuwa nzito, breki hupambana na gurudumu zito zaidi, na usukani ukikatwa hadi mwisho mpira husugua madigadi. Mwenye gari anayeyapuuza haya, akanunua mipira kwa ajili ya sura yake, nasikitika kusema kwamba amelidhulumu gari lake.

Mimi nami nilikosea kwa njia nyingine. Majira ya baridi yaliyopita, nilipoona pauni 15 hazinitoshi, nilishuka hadi 10, nikapanda chuguu vizuri kabisa, kisha kwa furaha nikakata kona ghafla huku gari lina mwendo, na mpira wa mbele kushoto ukatoka katika rimu. Mzee mmoja, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, alishuka garini mwake pasipo haraka. Hakunilaumu.

"Leta ubao, mwanangu," aliniambia, "jeki haisimami juu ya mchanga mtupu."

Tuliliinua gari, akaufuta ukingo wa rimu kwa kitambaa chembe baada ya chembe, akaupaka maji ya sabuni, kisha akaunganisha kompresa. Mpira ulijaa kidogo kidogo, ukalia pa! upande mmoja, kisha pa! upande wa pili, ukakaa.

"Ami, niujaze sasa?"

"Ujaze hadi 15, uwachie hapo. Na kona uzikate polepole."

Tulirejea Bidiyah baada ya alasiri, na safu ikasimama tena, safari hii kwa kompresa zinazonguruma. Kwani mpira uliolegea, ukipelekwa mbio juu ya lami, ubavu wake hukunjika na kukunjuka katika kila mzunguko, ukapata moto kwa ndani mpaka nyuzi zake zikaachana na raba. Tena moto wenyewe humdanganya apimaye, maana upepo hupanda takriban pauni 1 kwa kila nyuzi joto 5 au 6 zinazozidi. Kwa hiyo mzee yule alipokwisha kusoma kipimo changu alilaza mgongo wa kiganja juu ya ubavu wa mpira, akautuliza hapo kitambo kama apimaye homa ya mtoto, akasema, "Ungali moto. Asubuhi, kabla hujaliwasha, pima tena."