Taarifa za Serikali ni mtaji: iombe kwa barua kabla ya msimu

Katika soko lolote, anayejua kabla ya mwenzake ndiye anayepata faida. Wafanyabiashara wetu wengi hufuatilia bei za mahindi na maharage kila juma, lakini huacha jambo jingine linalogusa faida yao moja kwa moja: viwango vya ushuru, sheria ndogo na mipango ya masoko, ambayo yote yamo katika majalada ya ofisi za Serikali.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayesafirisha gunia 8 za mahindi, kila moja kilo 100. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na hadi 2 kwa mazao ya chakula. Ikatangaza pia kwamba mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe ushuru huo. Mwenye kilo 800 aliyelijua hilo alikuwa na hoja ya kujitetea kwenye kizuizi. Asiyejua alitoa fedha mfukoni.

Viwango vya namna hii hubadilika, na Bunge hupitisha sheria ya fedha kila mwaka. Kutegemea maneno ya kijiweni ni hatari, na kugombana na mtoza ushuru getini hakusaidii. Njia ya uhakika ni kuiuliza ofisi yenyewe, kwa maandishi.

Sheria inasemaje?

Kwa upande wa Tanzania Bara, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa wizara, wakala, halmashauri na taasisi nyingine za umma. Inazigusa pia taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma. Kila taasisi inatakiwa kuwa na ofisa wa kushughulikia maombi hayo, na jibu linatakiwa kutolewa mapema iwezekanavyo, kwa muda usiozidi siku 30.

Haki hiyo imetajwa kuwa ya raia. Kwa hiyo mwenye kampuni afadhali aombe kwa jina lake mwenyewe kuliko kutumia jina la kampuni peke yake.

Namna ya kuandika

Barua nzuri ni fupi. Iandikwe kwa mkuu wa taasisi. Kwa halmashauri, kwa Mkurugenzi. Weka jina na anwani yako, kisha taja hasa unachotaka. Ukiuliza "naomba taarifa za ushuru", utajibiwa kwa ujumla au usijibiwe kabisa. Uliza hivi: "Naomba nakala ya sheria ndogo inayotumika kutoza ushuru wa mazao katika halmashauri hii, tarehe iliyochapishwa katika Gazeti la Serikali, na kiwango kinachotozwa kwa gunia la mahindi." Swali la aina hiyo halina pa kukwepea.

Peleka nakala mbili masjala. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo huna pa kuanzia kuhesabu siku 30. Taasisi inaweza kutoza ada, kwa hiyo uliza kiasi mapema na udai stakabadhi.

Ukinyimwa

Ofisi inayokataa inatakiwa kukueleza sababu. Usiporidhika, omba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo, nawe ufanye hivyo ndani ya siku 30. Bado usiporidhika, sheria inaruhusu rufaa kwa Waziri.

Yapo mambo ambayo hutapewa: yanayohusu usalama wa Taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu na siri halali za biashara. Usipoteze nauli kuomba hesabu za ndani za mshindani wako. Jihadhari pia na unachopewa: kuipotosha taarifa uliyopata chini ya sheria hii ni kosa linaloweza kukupeleka jela.

Si kila kitu kinahitaji barua hii. Mwekezaji mdogo anayetaka kujua wakurugenzi na wanahisa wa kampuni anayotaka kuingia nayo ubia, aombe upekuzi wa daftari la makampuni BRELA na alipe ada yake. Anayenunua kiwanja afanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla hajatoa hata shilingi ya utangulizi.

Wenzetu wa Kenya

Wanaovuka Namanga kibiashara wajue kwamba Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2016, inayotokana na Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Huko jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na ombi huweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Anayenyimwa hulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Haki hiyo ni ya raia wa Kenya na kampuni zinazomilikiwa nao, hivyo Mtanzania mwenye mshirika huko amwombe mshirika huyo aandike.

Hesabu ya siku

Siku 30 ni nyingi kwa mwenye mzigo barabarani. Lori likishasimamishwa, barua imechelewa. Anayenunua mahindi ya mavuno ya Juni aandike Aprili, ili jibu limfikie kabla hajaweka fedha shambani. Gharama yake ni karatasi mbili na nauli ya kwenda halmashauri. Iingize katika hesabu za msimu kama unavyoingiza magunia na kamba.