Kwaya isikike, maneno yashike

Makanisa yetu mengi ya Kasongo na Kabambare hayana studio. Kwaya hurekodi nyumbani au kanisani kwa simu, kisha wimbo unapita kwa kadi na Bluetooth hadi vijiji vya mbali. Mara nyingi tunasikia ngoma na kukwaruza, lakini maneno hatuyashiki. Tusikimbilie kulaumu simu ya bei ndogo. Mara nyingi kosa ni kiwango cha sauti kilichowekwa juu mno.

Katika kurekodi kwa kidijitali, mwisho wa kipimo ni desibeli 0. Ni kama debe lililojaa: kinachozidi kinamwagika. Sauti ikivuka hapo hukatwa kileleni, nayo hukwaruza. Kuipunguza baadaye hakurudishi kilichokatwa. Lakini sauti iliyorekodiwa chini kidogo inaweza kupandishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, tuwaombe waimbaji waimbe kiitikio chenye nguvu kuliko vyote, ngoma ikipigwa kama itakavyopigwa. Tutazame kipimo: kilele kibaki kati ya desibeli -12 na -6. Kama simu haina kipimo, tuisogeze nyuma na kusikiliza jaribio. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa mara mbili, sauti hushuka karibu desibeli 6. Ndani ya kanisa hushuka kidogo kuliko hapo, kwa sababu ya mwangwi wa kuta na bati. Waimbaji wakae karibu na simu, ngoma nyuma, jenereta izimwe.

Tena, kilele si sawa na ukubwa unaosikika. Pigo moja la ngoma laweza kufika -6 huku waimbaji wakisikika kwa mbali. Ndiyo sababu Umoja wa Watangazaji wa Ulaya ulitoa mwaka 2010 pendekezo R 128, la kupima ukubwa wa kipindi kizima jinsi sikio linavyousikia. YouTube nayo hushusha nyimbo zilizosukumwa juu mno. Basi kushindana kwa kelele hakuna faida. Ni afadhali kupunguza ngoma ili maneno yapite.

Nyimbo nyingine hazirekodiwi mara mbili. Mzee aliyetunga hufariki, familia zinakimbia vita, kwaya hutawanyika. Tutunze nakala ya kwanza bila kuibadilisha, na mabadiliko tuyafanye kwenye nakala ya pili. Dakika tano za kupima zaweza kuwahifadhia watoto wetu sauti za wazee wao.